Mbio za Canneto Ambazo Hazijaisha

Ersilia Colciago alizaliwa chini ya kona. Si kando ya kona wala karibu na kona. Chini yake hasa, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo wajenzi waliisahau, wakaja kuishtukia wakati wamekwisha pigilia uwanja mzima juu yake. Baba yake alikuwa mlinzi wa uwanja wa baiskeli wa Canneto, pembezoni mwa Milano, uwanja wa mbao usio na paa katikati. Siku ubao wa mwisho ulipopigiliwa, mwaka 1925, mkewe akajifungua. Mzee yule mkono wake ulizoea kuandika habari za mbao kuliko za watoto, kwa hiyo katika daftari la uwanja upo mstari huu: mbao elfu tatu mia nne kumi na mbili, mtoto wa kike mmoja, vyote vizima.

Ersilia akakua akisikia magurudumu juu ya kichwa chake. Kwa mlio tu alijua nani anapita, ana uzito gani, na kama amekula. Kimya ndicho kilichomkosesha usingizi. Jumatatu, siku ambayo hakukuwa na mazoezi, baba yake alipanda juu akaburuta kiti kwenye mbao, kwenda na kurudi, mpaka mtoto alale.

Shuleni alikwenda miaka miwili. Kusoma alisoma namba za migongoni mwa waendeshaji, na hesabu aliijua mpaka hamsini, kwa sababu mbio ndefu kuliko zote pale zilikuwa za mizunguko hamsini. Kilichozidi hapo hakikumhusu. Mwalimu alipojaribu kumfikisha sitini, alimjibu kwamba hakuna mtu atakayekwenda huko.

Kisha vita. Mabomu yaliunguza paa la jukwaa, na katika majira ya baridi ya mwisho watu waling'oa mbao wakazipeleka nyumbani. Baba alikuwa amefariki, na Ersilia amerithi funguo, fagio na kengele. Vita vilipokwisha alichukua mkokoteni, akapita nyumba kwa nyumba kudai uwanja wake. Alikuta kona ya kaskazini imegeuka kitanda cha watu wawili, akawaambia wenyewe washuke. Alikuta mita kumi za mstari wa kumalizia zimekuwa mlango wa banda la kuku. Mbao mbili zilikuwa jeneza, na aliyekuwemo amekwisha zikwa. Akaenda kwa padri kudai. Padri alikataa katakata kufukua, lakini kwa kuwa Ersilia hakuondoka sebuleni kwake siku mbili, alimpa benchi moja la kanisani. Likapasuliwa, likapigiliwa pale penye pengo. Tangu hapo waendeshaji wakipita sehemu ile hupiga ishara ya msalaba, hata wakomunisti, kwa kuwa baiskeli za uwanjani hazina breki na mtu hawezi kujua.

Ile kengele ilitoka kwenye tramu. Ilining'inia juu ya mstari, kamba yake ikishukia kwenye kiti cha mlinzi, na kazi yake ilikuwa moja tu: kuwaambia waendeshaji kwamba mzunguko unaoanza sasa ndio wa mwisho. Ersilia aliipiga kwa miaka arobaini na mbili, na ungemuuliza angekuambia kwamba hakukosea hata mara moja.

Sasa, mwaka 1949.

Mwaka huo palikuwa na fainali ya mbio fupi, mizunguko mitatu, vijana wawili wa Canneto. Olindo Ravasi alikuwa mrefu na mwepesi wa hasira. Tarcisio Meroni alikuwa mfupi na mapaja kama magogo. Walipita mstari mara ya kwanza, bado mizunguko miwili, kengele ikalia. Olindo, ambaye alisikiliza kuliko alivyohesabu, alichomoka kama mwizi, akafika mstarini mbele ya mwenzake, akainua mikono, akaacha kukanyaga. Tarcisio alikuwa amehesabu mwenyewe. Akampita huku anapungia watu, akamaliza mzunguko uliobaki akiwa peke yake, akavishwa ushindi.

Nusu ya Canneto ikasema Olindo amedhulumiwa. Nusu nyingine ikasema asiyeweza kuhesabu mpaka tatu abaki nyumbani. Ersilia alipoulizwa na waamuzi alijibu kwamba kengele ilikuwa sawa, mizunguko ndiyo iliyokosea. Wakuu wa uwanja, kwa kuchoshwa na ugomvi, waliandika kanuni mpya: kwamba Canneto mzunguko wa mwisho ni ule uliopigiwa kengele na mkono wa mlinzi, na si mwingine wowote. Ersilia aliitundika kanuni hiyo jikoni, juu ya jiko, akiichukulia kama cheti.

Wale wawili hawakusemezana tena. Kila mmoja alifungua karakana ya baiskeli, wakatazamana barabara katikati, miaka thelathini na saba. Olindo akimtaka Tarcisio aondoe gari mlangoni, alimwandikia barua na kuitia posta.

Uwanja nao ukazeeka. Watu walinunua magari, wakapenda mpira. Katikati kwenye majani pakachezwa soka, pakafanyika maonyesho ya mbwa, ikaja sarakasi. Tembo wa sarakasi alipelekwa kuzunguka njia ya mbao akatumia dakika nne na nusu, na Ersilia, ambaye hakutaka mzunguko wowote upite bila kuandikwa, aliandika muda wake ukutani. Bado upo.

Mwaka 1986 ikaja barua. Uwanja utabomolewa, pajengwe maegesho ya magari, na mlinzi atapewa chumba ghorofa ya saba, mahali penye utulivu. Ersilia aliisoma kwa kidole, alipofika kwenye utulivu akaketi.

Aliyeileta alikuwa Pedroli, mpimaji wa ofisi ya jiji, mtu mpole mwenye mwavuli hata wakati wa jua, na tayari amenunua tikiti ya treni ya kwenda baharini kwa sikukuu ya katikati ya Agosti. Alitaka mambo yaishe kwa adabu. Ndiyo maana aliandika mwenyewe katika hati kwamba yatafanyika mashindano ya heshima, na kwamba uwanja utakabidhiwa kwa wabomoaji mara tu mbio za mwisho zitakapomalizika. Aliuliza mbio fupi huchukua muda gani. Akaambiwa mizunguko mitatu. Akaandika: dakika tano.

Maskini, hakuwahi kuona mbio fupi maishani mwake.

Watu wa Canneto walikubaliana kwamba wa kukimbia siku hiyo ni Olindo na Tarcisio, wenye miaka sitini na ushee sasa, mmoja na goti bovu na mwingine na kitambi. Jumamosi, Settimio kinyozi, aliyekuwa akimnyoa kila mwanamume wa mtaa ule na kwa hiyo anajua kila kitu, alikwenda kwa Ersilia akamwambia kwa sauti ya chini kwamba dawa anayo jikoni kwake, pale juu ya jiko. Kanuni inasema mzunguko wa mwisho ni uliopigiwa kengele. Basi asiipige.

Ersilia alimtazama kana kwamba amemwambia avue nguo sokoni.

"Mlinzi asiyepiga kengele wakati wake amekosea," alisema. "Mimi sijawahi kukosea. Nianze leo, na uzee huu?"

"Watakubomolea nyumba, Bi Ersilia."

"Wabomoe. Watasema nyumba ilianguka, hawatasema Ersilia alikosea."

Jumapili tarehe kumi Agosti, saa nne asubuhi, bastola ikalia. Wazee wawili waliondoka taratibu. Katika mbio fupi hakuna anayetaka kuwa mbele, kwa kuwa wa mbele hukata upepo na wa nyuma hujificha mgongoni kwake, akisubiri kumruka mwishoni. Kwa hiyo kila mmoja hujaribu kumlazimisha mwenzake atangulie. Walipunguza mwendo, wakapunguza tena. Walipofika kona ya kaskazini, juu kidogo ya jiko la Ersilia, wakasimama kabisa, miguu kwenye pedali, usukani umekatwa upande, baiskeli zikitetemeka papo hapo. Kanuni inaruhusu. Mguu usiguse chini, mtu asiwashike, basi.

Olindo alimtazama Tarcisio. Tarcisio alimtazama Olindo. Hawakusimama kwa ajili ya uwanja, wala kwa ajili ya Ersilia. Kila mmoja alikuwa tayari kufa kuliko kumkatia mwenzake upepo.

Dakika tano za Pedroli zikapita. Watu wakala walichobeba. Jioni ikaingia, na watu wakaenda kwao.

Jumatatu asubuhi tingatinga mbili zilikuja getini zikiunguruma. Pedroli alipanda mbaoni na hati yake, akawakuta bado wamesimama, ndevu zimeanza kuota. Ersilia alikuwa anapiga deki kwa kuzunguka magurudumu.

"Wanafanya nini hawa?" aliuliza.

"Wanashindana, Bwana Mpimaji."

"Mbona hawaendi?"

"Ndiko kushindana kwenyewe."

Pedroli alisoma tena alichokiandika yeye mwenyewe. Mara tu mbio za mwisho zitakapomalizika. Akaenda kumwambia dereva wa tingatinga azime injini.

Hapo ndipo Ersilia alipoelewa. Maadamu wale wawili wamesimama, nyumba yake imesimama. Alishuka jikoni, akaweka supu, akafunga kijiko kwenye mpini wa fagio. Kanuni inakataza mwendeshaji kushikwa, lakini haisemi kitu juu ya kulishwa. Aliwalisha kwa zamu, mkono mmoja ukiwa kiunoni, akiwakaripia wanapomwaga kwenye mbao. Aliwapangusa jasho kwa kitambaa kilichofungwa kwenye fimbo ile ile. Olindo alilalamika kwamba ana ladha ya sabuni mdomoni. Akaambiwa fagio hilo ndilo lililopiga deki asubuhi, alitegemea ladha ya nini.

Jumanne alikuja Settimio na kiti, wembe na povu. Kunyoa mtu anayeyumba hivyo si kazi ya kila kinyozi. Ilibidi na yeye ayumbe. Baada yake alikuja askari wa barabarani, mwanamke kijana, mgeni mtaani, ambaye mtu fulani alimwambia kuna vyombo viwili vya usafiri vimesimama mahali pamoja tangu juzi. Aliwaandikia karatasi za faini kwa kuegesha. Olindo alisema hakuegesha, yuko mbioni. Askari alimuuliza anakimbia kwa kasi gani. Olindo aliinamia magurudumu yake, na Tarcisio akacheka, cheko la kwanza alilompa Olindo tangu 1949. Askari akabandika karatasi kwenye viti vya baiskeli, akaenda zake.

Jumatano Canneto nzima ilihamia jukwaani na viti vyake na vitambaa vya kufuma. Walinong'ona kama kanisani. Njiwa alitua juu ya kofia ya Tarcisio akakaa saa nzima, na upande wa Olindo ulidai njiwa ni msaada wa nje, aondolewe, lakini mwamuzi alisema njiwa hana mkono. Mkewe Tarcisio alifika akauliza atarudi lini nyumbani. Tarcisio akamwambia akishamaliza. Akamuuliza sasa amefika wapi. Akamjibu, mzunguko wa kwanza.

Wasioijua Canneto husema haiwezekani, kwamba mtu hulala, mtu huenda haja. Walilala kwa zamu ya jicho, moja limefumba, moja linamchunga mwenzake. Hayo mengine Ersilia aliyashughulikia kwa ndoo, na si ya kuandikwa.

Hesabu ya mtaa ilikuwa rahisi. Sikukuu ilikuwa Ijumaa. Alhamisi saa sita mchana kila mtu mwenye kazi hufunga, hushuka baharini au hupanda milimani, na mpaka Septemba hakuna mkono unaosogeza karatasi, wala kazi iliyoachwa katikati ya Agosti haikumbukwi ilipoachwa. Madereva wa tingatinga walikuwa wamekwisha vaa nguo za kuogelea ndani ya ovaroli. Ilibaki kufika saa sita.

Alhamisi saa tatu na nusu goti la Olindo likaanza kucheza.

Lilicheza kidogo, halafu likacheza sana, mpaka pedali ikalia ki-ki-ki na jukwaa zima likasikia. Ersilia alikuwa chini akipika wali. Alisikia mlio ule juu ya dari, akaujua, akatoka mbio na mwiko mkononi.

Olindo alikuwa mweupe kama chaki. Alisema anashusha mguu. Alisema ameshindwa, sawa, lakini kabla ya kushusha anataka kitu kimoja, kwa sababu hataki kushindwa mara mbili katika uwanja mmoja bila kujua ya kwanza ilikuwaje.

"Niambie, Bi Ersilia. Mbele ya watu. Ile kengele uliipiga mapema au hukuipiga mapema?"

"Mwambie uliipiga sawa," alisema Tarcisio upesi. "Miaka yote hii naambiwa nilishinda kwa kengele. Nilishinda kwa miguu yangu. Mwambie."

Pedroli alifunga mwavuli wake. Settimio alitazama viatu vyake.

Ersilia alisimama kwenye mteremko wa mbao, mwiko ukidondosha. Akisema alipiga sawa, mguu wa Olindo unashuka. Akisema alikosea, basi yeye si yule aliyekuwa jana, na juzi, na miaka yote ile ambayo wanawake wa sokoni walimpisha kwenye foleni kwa sababu ndiye asiyekosea. Alitazama chini kwenye mlango wa nyumba yake. Moshi mwembamba ulikuwa ukitoka dirishani, na harufu.

Harufu ile ndiyo iliyomfungua mdomo.

"Niliipiga mapema," alisema.



"Kwa nini?" alisema Olindo.

"Wali ulikuwa unaungua."

Aliwaeleza basi, kwa maneno machache na kwa hasira, kana kwamba kosa ni lao. Siku ile alikuwa ameweka wali wa zafarani na uboho wa mfupa, wa kwanza tangu vita. Zafarani aliipata kwa kubadilisha saa ya baba yake. Wali ule kila mtu anajua hauachwi. Unakorogwa tangu mwanzo mpaka mwisho. Aliukoroga mpaka bastola ilipolia, akakimbilia kengele, akijua ana dakika tano. Halafu hawa wawili wakaanza kutembea kama wanaosindikiza maiti, huku harufu inapanda katikati ya mbao. Mkono ukavuta kamba wenyewe.

Tarcisio aligeuza shingo kumtazama.

"Uliuwahi?"

"Nini?"

"Wali."

"Uliungua."

"Miaka thelathini na saba," alisema Olindo kwa sauti ndogo, "na hata haukuliwa."

"Niliula," alisema Ersilia. "Wote. Niitupe zafarani mimi?"

Olindo ndiye aliyeanza. Kicheko kilimtoka puani, kikamshika mabega. Tarcisio alijizuia, kitambi kikamsaliti. Sasa mtu aliyesimama juu ya baiskeli akicheka ana njia mbili tu, kuanguka au kukanyaga, na miguu ya wazee wale, iliyosahau kila kitu isipokuwa kazi yake, ikakanyaga. Waliondoka pamoja, bega kwa bega, wakicheka na kulia machozi. Karatasi za faini zilipepea nyuma yao.

Jukwaa lilishangilia, kisha likakumbuka. Mbio zilikuwa zinakwenda. Mbio zinazokwenda huisha.

Walipita mstari mara moja. Bado miwili. Ersilia alifika kwenye kiti chake, akaketi, akashika kamba kama alivyofundishwa na baba yake, mkono wa kulia juu. Pedroli alitoa saa. Wakatokeza kona ya kaskazini, wakapita kwenye benchi la kanisani, wakapiga msalaba. Huu sasa ndio wakati wa kengele. Ersilia aliwaangalia wakija, magurudumu yakiwa sawa, na akajiona akifikiri jambo ambalo wiki nzima halikumwingia: kwamba aliyekosea mara moja amekwisha kosea. Kile alichokuwa anakilinda kilikuwa kimekwenda zake, na mikono yake ilikuwa mitupu, na ilikuwa myepesi.

Akaachia kamba. Akavua aproni.

Wakapita. Hakukuwa na mlio.

"Kengele," alisema Pedroli.

"Bado," alisema Ersilia.

Wakapita tena, na tena. Pedroli alisema hiyo ni mizunguko minne. Ersilia alimwonyesha kwa kidole nyumba yake, akamwambia kanuni iko juu ya jiko, akasome. Alikwenda akaisoma. Kabla ya kurudi alitoa wali motoni, kwa kuwa ulikuwa unaungua, na hilo Ersilia hakulisahau. Mpaka leo humtaja kwa heshima. Kisha Pedroli akavuta kamba ya kengele mwenyewe. Ililia pu, kama mto wa kulalia. Ersilia alikuwa amepanda kitini akafunga ulimi wa kengele kwa aproni.

"Huo si mkono wa mlinzi," alisema, "na hiyo si kengele."

Ilipofika saa sita kasoro robo, dereva wa kwanza wa tingatinga alikuwa amevua ovaroli. Pedroli alitazama tikiti yake ya treni. Alitazama wazee wawili wakizunguka polepole, sasa wakizungumza, mmoja akimweleza mwenzake habari za goti. Aliegemea ukuta, chini ya muda wa tembo, akaandika katika hati: mbio zinaendelea. Akamuaga Ersilia kwa kuvua kofia, akaenda baharini.

Olindo na Tarcisio walishuka kula. Wali ulikuwa umeshika chini, wakaukwangua mpaka sufuria ikang'aa. Ersilia alisema mapumziko si mwisho, na Jumapili inayofuata waendelee walipoachia. Wakaendelea, na Jumapili nyingine, na nyingine. Septemba ofisi ilituma barua kuuliza kama mbio zimekwisha. Ersilia alijibu kwa neno moja, bado, aliloliandika asubuhi nzima. Waliuliza tena baada ya miaka miwili, kisha wakaacha. Maegesho yalijengwa kwingine.

Sasa wanaozunguka ni wajukuu wao, mbao zimebadilishwa nyingi, na aproni imekuwa ya rangi ya moshi. Ersilia huketi pale pale. Wageni wakimuuliza huu ni mzunguko wa ngapi, huwajibu kwamba alihesabu vizuri mpaka hamsini, na iliyozidi hapo haimhusu.